Msiniite mdau kabla hamjalipa wali

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: SAHANI 338 ZA CHAKULA

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Kwanza poleni na majukumu. Barua hii ningeweza kuileta masijala kama nilivyoleta tatu zilizotangulia, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi na nakala. Nakala ninazo. Zimepata madoa ya mafuta lakini muhuri unasomeka. Hii ya nne nimeona isomwe na kila mtu. Mji wetu siutaji. Barabara ya kwenda Zambia, kuanzia Morogoro hadi Tunduma, ina miji midogo mingi ya aina yetu, na nikiutaja mmoja wakubwa wa ile mingine watashusha pumzi.

Mnanijua. Hata asiyejua jina langu anaijua meza ile ya chini ya feni ambayo wageni wenu huketishwa. Mwezi wa tatu mliniita ukumbini mkanipa cheti cha Mdau wa Maendeleo, kwa wino wa dhahabu. Nilipigiwa makofi, nikapigwa picha nimesimama kati ya Mheshimiwa na ua la plastiki, nikakipeleka cheti kwa fundi akakitia fremu kwa shilingi 15,000. Kiko ukutani, juu ya friji ya soda.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisi ya fedha kuulizia malipo yangu. Kijana niliyemkuta, ambaye kusema kweli ana adabu, alitabasamu akaniambia, "Mama, wewe si mdau? Wadau wanavumilia." Nikacheka. Nilipofika kwenye bajaji ndipo nilipoelewa nimeambiwa nini.

Ndiyo maana naandika. Kuna kujitolea na kuna kukopwa, na naona katika vitabu vyenu maneno haya mawili yameshakuwa neno moja.

Nilianza mwaka 2013 chini ya mwembe wa stendi ya zamani, na sufuria mbili, karai la maandazi na benchi la kuazima msikitini. Wakati huo tulikuwa mama ntilie. Siku hizi kwenye hotuba tunaitwa mama lishe. Jina limepanda cheo, moshi ni uleule. Mwaka 2019 nikapanga chumba hiki cha barabarani, nikaweka meza sita, sasa ziko kumi na moja. Nina wasichana wanne na vijana wawili, na wote sita wana watu nyuma yao wanaosubiri jioni.

Siku yangu inaanza saa saba usiku. Zamani nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, lakini katazo la mabasi kutembea usiku, lililokuwapo tangu miaka ya 1990, liliondolewa mwaka 2023, na sasa abiria wa Mbeya na Tunduma wanashuka hapa saa tisa za usiku macho yamevimba, wanataka supu. Supu ya makongoro haiivi kwa saa moja. Kwa hiyo mifupa inalala jikoni na mtu analala na mifupa. Saa kumi na moja zinafuata chapati, saa kumi na mbili chai ya watoto wa shule wanaopita na mia tatu mkononi, halafu mchele unachambuliwa. Natumia mchele wa Mbeya. Nikipata wa Kyela nawaambia wateja, nao wanaongeza sahani kabla hata hawajaonja.

Walionifikisha hapa ni madereva wa malori. Wanaoteremka kutoka Lubumbashi huingia na Kiswahili chao, "Mama, bukari iko?", na wasichana wangu, ambao miaka ya mwanzo walikuwa wanakimbilia jikoni kucheka, sasa wanawajibu bila kugeuka, "Iko, papa, kaa." Mzambia ataomba nshima. Yote ni ugali, tofauti iko kwenye mkono wa anayesonga. Dereva aliyekaa kwenye foleni ya Tunduma siku tatu anauliza bei kwanza ndipo avute kiti, maana posho imeisha. Lakini analipa. Katika miaka yangu yote dereva mmoja tu aliondoka bila kulipa, pochi ilikuwa imebaki kwenye lori la mwenzake lililotangulia. Alipita tena baada ya wiki saba akitokea Kolwezi, kule Kongo, akateremka injini ikiwa inanguruma, akanipa shilingi 4,000 alizozikunja ndani ya risiti ya mafuta. Hakukaa hata kunywa maji.

Mtu wa Kolwezi, waheshimiwa. Ofisi zenu ziko mita 600 kutoka hapa.

Sina ugomvi na kulipa nami ninapotakiwa. Leseni ya biashara ninayo. Makadirio ya TRA nalipa kwa awamu zake nne za mwaka. Wafanyakazi wangu na mimi tunapima afya kila baada ya miezi sita kama wauza chakula wote, na kadi zimebandikwa ukutani ili bwana afya asisumbuke kuuliza. Ada ya taka nalipa, ingawa taka yenyewe mara nyingi naiondoa mimi kwa mkokoteni. Siku nilipochelewa ada hiyo kwa siku tano, mgambo walikuja na kufuli. Nikalipa wakiwa wamesimama mlangoni, na mmoja wao akaniomba chai. Nikampa. Ile ya mgambo siihesabu.

Sasa nieleze ya kona.

Kilometa moja na nusu kutoka mlangoni kwangu barabara inashuka halafu inakata kushoto. Mwenye kuijua anapunguza mwendo tangu juu. Asiyeijua, au aliyesinzia, tunamjua sisi. Usiku mmoja wa mwaka 2016, nikiwa bado nina kibanda na taa moja, Coaster iliparamia lori lililoharibika pale. Lori lilikuwa limewekewa matawi ya miti nyuma yake, kama wanavyofanya wote wasio na pembetatu za kuakisi, na matawi usiku hayaonekani mpaka umeshayafikia. Majeruhi waliletwa kwangu. Hakuna aliyeamua hivyo. Taa yangu ndiyo pekee iliyokuwa inawaka.

Tuliwalaza kwenye meza. Tuliwafunga kwa khanga zangu na za jirani yangu, tukafunga vibaya, sasa ninajua. Kuna kijana tulimbeba kwa kumshika kwapani na miguuni, analia mgongo wake, nasi tunamwambia vumilia baba. Siku hiyo nisiielezee zaidi. Meza mbili nilizichoma moto baadaye kwa sababu kila nikizisugua naona bado.

Baada ya pale muuguzi mmoja mstaafu wa mtaani kwetu alitukusanya jioni nne, nyuma ya kibanda, akatufundisha. Tulikuwa kumi na mmoja: bodaboda wanne, fundi gereji, mwalimu mstaafu, muuza mkaa, dada wa saluni, mimi na mabinti zangu wawili wa jikoni. Alitufundisha kukandamiza panapovuja damu na kutoondoa mkono ili kuchungulia kila dakika. Shingo isichezeshwe. Mtu avingirishwe pamoja kama mkeka na kuwekwa juu ya ubao, na anayeshika kichwa ndiye anayetoa amri. Alitufundisha pia kwamba majeruhi anayeweza kupelekwa kupasuliwa hapewi maji wala chai. Hilo lilinishinda kwa muda mrefu. Mimi mtu akilia ninampa chai, ndiyo kazi yangu. Ilibidi mwalimu mstaafu awe ananinyang'anya kikombe.

Seremala alitupa ubao. Tukautoboa mashimo ya kushikia pembeni. Huo ubao, miwani ya kuchomelea ya fundi gereji kwa ajili ya vioo, na boksi la glovu ninalonunua mimi kwa shilingi 15,000, ndiyo huduma ya dharura ya mji huu kwa sasa. Ambulansi ikipatikana inatoka mbali, na mara nyingi imeshachukua mgonjwa mwingine. Tunabeba kwa bajaji. Ubao hauingii kwenye bajaji, hivyo tunaweka kiti cha nyuma chini na miguu ya mgonjwa inatoka nje, na mtu anakimbia pembeni akiishikilia mpaka bajaji ishike mwendo.

Likianguka lori la mafuta kazi inageuka. Hatukimbilii lori, tunawakimbilia watoto wetu wenyewe wanaotoka na madumu. Agosti 10, 2019, pale Msamvu Morogoro, watu zaidi ya 100 waliungua na kufa kwa petroli ya lori lililopinduka, wengi wao walikuwa wamekwenda kuchota. Kila mtu kwenye barabara hii anaikumbuka tarehe hiyo, na bado harufu ya petroli ikija vijana wanaenda. Mara ya mwisho nilisimama katikati ya njia na mwiko wa ugali, ule mkubwa. Kijana mmoja nilimpiga nao mkononi dumu likaanguka. Mama yake alininunia mwezi mzima. Siku hizi ananisalimia.

Kisha kuna PF3. Viongozi wa serikali wameshasema mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ya polisi ifuate. Lakini ukifika dirishani saa nane usiku na mtu asiye na ndugu, asiyejitambua, utaulizwa fomu. Kwa hiyo mmoja wetu ana kazi moja tu, kukimbilia PF3 wakati wengine wanabeba. Ni bodaboda wetu wa pili kwa umri. Anazijua zamu za askari kuliko wake zao.

Mafuta ya bajaji na pikipiki tunachanga. Uji wa majeruhi na wa wanaowauguza, wakiwa hawana mtu hapa, unatoka jikoni kwangu asubuhi na jioni. Wametoka Kasulu, wametoka Songea, mmoja alitoka Ndola na hakujua Kiswahili zaidi ya "asante". Uji huo sijawahi kuuandika popote. Daftari langu la madeni lina kurasa 96 na hakuna mstari wa uji wa majeruhi. Damu pia tunatoa, vijana wetu kila miezi mitatu na sisi wanawake kila miezi minne kama wanavyotuelekeza, na baada ya kutoa tunapewa soda na biskuti, nami huwa nafurahi sana kupewa soda na mtu mwingine.

Hayo ndiyo ninayoyaita kujitolea. Niliamua mwenyewe, kwa mkono wangu, na nikichoka naweza kuacha kesho bila mtu kunidai.

Nije kwenye daftari.

Kikao cha baraza la madiwani, watu 46, siku mbili, sahani 5,000: shilingi 460,000. Mwenge ulipopita, watu 120, wali kuku na matunda, 6,000: shilingi 720,000. Timu ya chanjo, watu 18, siku nne, 4,000: shilingi 288,000. Wakaguzi kutoka mkoani, watu 9, siku sita, 5,000: shilingi 270,000. Jumla shilingi 1,738,000. Mwezi wa kumi na moja mlinilipa 200,000, nikawapikia pilau ofisi nzima kwa furaha, jambo ambalo mume wangu bado ananikumbusha. Imebaki 1,538,000.

Kwa mtu anayesaini mikataba ya barabara hiyo si pesa. Kwangu ni karibu kilo 550 za mchele kwa bei ya 2,800. Chakula cha wakaguzi nilikinunua kwa mkopo kwa mwenye duka la nafaka, na yeye hana masijala. Huja mwenyewe, anakaa meza ya mlangoni, anaagiza chai, hasemi kitu.

Nikiuliza, majibu ninayajua kwa moyo. Mtandao unasumbua. Vocha iko kwenye mfumo. Mhasibu yuko Dodoma. OC haijaingia. Hili la OC nalipokea, sikatai. Fedha za matumizi mengineyo huchelewa, na najua wengine wenu mnaletewa ugeni kwa simu ya jioni wakati kwenye akaunti hamna kitu. Mkuu wa idara mmoja aliwahi kutoa 60,000 mfukoni mwake akaniomba nisimwambie mtu, na simtaji. Lakini mnapoona hamna fedha, simu mnampigia nani? Hamumpigii mwenye kituo cha mafuta, maana yeye atauliza karatasi kabla hajainua mpira wa pampu. Mnanipigia mimi. "Mama, tuna ugeni kesho, tusaidie." Na neno tusaidie likishatoka, bei inageuka kuwa utovu wa nidhamu.

Siku hizi serikali inanunua kupitia NeST, mfumo wake wa ununuzi wa mtandaoni, nasikia hata kalamu. Wali wangu ulinunuliwa kwa simu, tena simu ya kubipiwa, nikapiga mimi. Nilipodai niliulizwa LPO yangu, yaani hati ya kuagizia, iko wapi. Nilimjibu dada yule kwamba mtu akiwa na njaa saa saba mchana huwa haji na LPO, anakuja na sahani. Hakucheka, na alikuwa sahihi kutocheka. Ndani ya sheria mimi sikuuza chochote. Nimelisha watu 120 chakula ambacho hakikununuliwa.

Sheria hiyohiyo ya ununuzi inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, wanawake wakiwamo. Nilisoma hilo kwenye bango lililo ukumbini kwenu, nikiwa nimesimama foleni ya kudai. Nikaona niwaeleze: mimi ni mwanamke, na mmekwisha kununua. Hatua iliyobaki ni ndogo.

Bwana maendeleo ya jamii alinishauri, kwa nia njema kabisa, nitafute wanawake wenzangu tuunde kikundi tukaombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024 na kanuni mpya. Haina riba. Nilimsikiliza mpaka mwisho halafu nikamwambia: ndugu yangu, halmashauri ina fedha yangu zaidi ya milioni moja na nusu, haina riba, na haikuunda kikundi wala kuandika katiba. Niwakope nilichowakopesha?

Na nishati safi. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi ni wa kwanza kuutaka, muulizeni daktari kuhusu kifua changu. Nimeshanunua jiko moja la gesi la plate mbili kwa ajili ya chai na mboga. Maharage na makongoro bado ni mkaa. Jiko kubwa la mgahawa pamoja na mtungi wake mkubwa lingenunuliwa na deni lenu na chenji ikabaki. Afisa aliyekuja kunihimiza niache mkaa alikula ugali samaki. Alilipa. Nimemwandika hapa kwa sababu alilipa.

Mfano wa jambo linalofanyika vizuri upo, tena hapahapa. Mama mjamzito akizidiwa, mtu anapiga 115, bure, mfumo wa m-mama. Anayepokea anatafuta ambulansi, na ikikosekana anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake la kawaida. Dereva akimfikisha mama, nauli yake inaingia kwenye simu kwa kiwango kilichokubaliwa tangu mwanzo. Mmoja wa bodaboda wetu ana kaka anayefanya hiyo kazi. Hakuna anayemwita mdau. Anaitwa dereva, na anapigiwa, na analipwa, na usiku mwingine akipigiwa anatoka kitandani haraka kuliko sisi. Nilipomuuliza kama kulipwa kumempunguzia moyo wa kusaidia aliniangalia kama nimechanganyikiwa.

Sisi wa kona hatuombi mshahara. Tunaomba ubao wa pili na wa tatu, zile machela hasa zikipatikana. Boksi la glovu na bandeji kila mwezi kutoka kituo cha afya, lisainiwe na muuguzi wetu mstaafu, ambaye hajapoteza hata pini tangu nimjue. Lita 20 za mafuta kwa mwezi ziwekwe pale kituoni kwa jina la kikundi, zisizotumika zibaki. Askari wa zamu akipigiwa simu ya ajali aje na fomu za PF3 mfukoni, atukute kwenye kituo cha afya, ili bodaboda wetu wa pili kwa umri abebe wagonjwa kama wenzake. Na pale juu ya kilima pawekwe kibao cha kona na vile vijiwe vinavyong'aa usiku. Hicho cha mwisho kikifanyika, vingine vyote vinaweza kupungua, na mimi nitapata usingizi wa saa tatu mfululizo.

Kuhusu deni, sitaki yote kwa siku moja. Nipeni karatasi yenye tarehe na kiasi, hata kama ni 150,000 kwa mwezi, nimwonyeshe mwenye duka la nafaka. Na kuanzia sasa, ugeni ukija bila karatasi, mgahawa wangu utakuwa na chakula kwa bei iliyo ubaoni, taslimu au kwa lipa namba. Najua kuna watakaosema mama amebadilika, amekuwa wa siasa, au ana mtu anamtuma. Mtu anayenituma ni yule anayekunywa chai meza ya mlangoni bila kusema kitu.

Najua pia kwamba kuna njia za kumnyamazisha mwenye mgahawa. Bwana afya anaweza kuja mara tatu kwa wiki. Leseni inaweza kukosa muhuri. Nimeliwaza hilo kabla ya kuandika, na nilikaa na barua hii siku tisa chini ya trei ya mayai. Siku ya kumi kulikuwa na ajali, gari dogo, watu watatu, wote wako hai. Tulirudi alfajiri, nikanawa mikono, na binti wa chapati akaniambia kuna simu kutoka ofisini, wanauliza kama tunaweza kuandaa chakula cha watu 30 keshokutwa, "watalipa baadaye, mama ni mdau." Nikaitoa barua chini ya mayai.

Watu 30 hao sikuwapikia. Nasikia walikula mikate.

Jumatano saa nne asubuhi nitakuja ofisini kwa Mkurugenzi, mimi, muuguzi mstaafu na mwalimu. Daftari nitakuwa nalo, na nakala za barua tatu za mwanzo zenye mihuri yenu. Tutasubiri kwenye benchi la nje mpaka tuitwe. Chai nitakuja nayo kwenye chupa, na maandazi ya asubuhi hiyohiyo, na mkitaka yapo ya kutosha: andazi ni 300, chai 500, taslimu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mgahawa wa barabarani, meza kumi na moja.

Nakala: Ukutani, juu ya friji ya soda, pembeni ya cheti.